Christoph Blocher: tajiri aliyetolewa kwa mlango alioingilia

Jumatano ya 12 Desemba 2007, wabunge wa mabaraza yote mawili ya Uswisi, jumla yao 246, walikutana katika ukumbi mmoja mjini Bern kuchagua serikali. Nchi ile haina rais mwenye mamlaka makubwa wala waziri mkuu. Ina mawaziri saba wanaoitwa Baraza la Shirikisho, kila mmoja akipigiwa kura peke yake, kwa siri, kwa kuandika jina kwenye karatasi. Waziri akishakaa kwenye kiti, desturi ni kumrudisha mpaka aamue mwenyewe kuondoka. Mchana ule karatasi za duru ya pili zilipohesabiwa, Christoph Blocher, Waziri wa Sheria na Polisi, alikuwa na kura 115. Eveline Widmer-Schlumpf, mwanamke wa chama kilekile ambaye hakuwa amegombea na hata ukumbini hakuwamo, alikuwa na kura 125.

Miezi miwili kabla yake, tarehe 21 Oktoba, chama cha Blocher kilikuwa kimepata asilimia 28.9 ya kura za wananchi na viti 62 kati ya 200 vya baraza la taifa. Kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote nchini. Kampeni nzima ilizungushwa juu ya mtu mmoja: mpe chama kura umuimarishe Blocher. Wananchi wakakipa, bunge likamwondoa.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukiita usaliti au ushindi wa demokrasia, kutegemea wamekaa upande gani. Mimi nadhani jibu limo katika mambo ya nyuma zaidi, namna mfanyabiashara huyu alivyojifunza kushinda. Kwenye kampuni, mwenye asilimia 51 ya hisa anaamua na wengine wanatii. Kwenye kura ya maoni ni hivyohivyo, nusu ya kura na kidogo juu yake inatosha. Blocher alikuwa bingwa wa michezo hiyo miwili. Baraza la Shirikisho ni mchezo wa tatu, na ule hakuwahi kuujua.

Alizaliwa mwaka 1940 kaskazini mwa Uswisi, karibu na maporomoko ya mto Rhine, mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alijifunza kilimo kwanza, kwa mikono, kisha akarudi kwenye vitabu na kusoma sheria Zürich mpaka udaktari. Mwaka 1969, akiwa bado mwanafunzi, akaingia idara ya sheria ya kiwanda kimoja katika kijiji cha Domat/Ems, kantoni (yaani jimbo) ya Graubünden, milimani kabisa.

Kiwanda hicho nacho kina historia inayofaa kukumbukwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kilitengeneza mafuta ya magari kutokana na mbao, kwa sababu Uswisi ilikuwa imezingirwa na petroli haikuingia. Vita vilipoisha, mafuta hayo hayakuweza kushindana na petroli ya kawaida, kikaishi kwa ruzuku ya serikali. Mwaka 1956 wananchi wakalipigia kura swali la kuendelea kukisaidia, wakakataa. Ikabidi kigeukie nyuzi na plastiki za kitaalamu ili kipone. Yaani kampuni iliyomtajirisha Blocher ilikuwa yenyewe imeshaonja makali ya kura ya maoni kabla hajaingia getini.

Akapanda haraka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa tayari katika uongozi. Familia ya mwanzilishi ilipotaka kuuza, mwaka 1983, yeye aliyekuwa meneja ndiye aliyenunua hisa nyingi. Kampuni hiyo, EMS-Chemie, ikakua, na yeye akawa bilionea. Sehemu kubwa kabisa ya bidhaa zake huuzwa nje ya Uswisi, hasa kwenye viwanda vya magari. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Siasa alizianza chini, katika halmashauri ya Meilen, mji mdogo kando ya ziwa Zürich, mwaka 1974. Mwaka 1977 akawa mwenyekiti wa chama cha SVP katika kantoni ya Zürich, na mwaka 1979 akaingia bunge la taifa. SVP, Chama cha Wananchi wa Uswisi, kilikuwa wakati ule chama cha wakulima na wenye maduka madogo, kina asilimia kumi na kitu tu, kimetulia, kinapewa kiti kimoja kati ya saba serikalini na kinashukuru.

Hapa sisi wa Afrika hatuwezi kupita tukinyamaza. Mwaka 1982 Blocher alianzisha, na kuongoza, kikundi cha Uswisi kilichojiita Kikundi Kazi cha Kusini mwa Afrika. Kazi yake ilikuwa kuitetea serikali ya makaburu na kupinga vikwazo dhidi yake. Ndiyo miaka ambayo vijana waliokimbia kutoka Soweto walikuwa wanasoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC iliyojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Mtu aliyekuwa akiwahubiria Waswisi kwamba taifa dogo lina haki ya kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa, aliutetea utawala uliowanyima walio wengi haki ya kuamua lolote katika nchi yao wenyewe. Kwetu neno mzalendo lilipatikana kwa jasho, na siwezi kumwandikia Blocher neno hilo bila kulikumbuka hili. Alichokitetea ni uhuru wa dola dhidi ya watu wa nje. Watu waliomo ndani ya dola hiyo, na iwapo nao wako huru, hilo halikumsumbua.

Nyumbani kwao, nafasi yake ya kwanza kubwa ilikuja 16 Machi 1986. Serikali iliwauliza wananchi kama Uswisi ijiunge na Umoja wa Mataifa. Karibu asilimia 76 wakakataa. Kutokana na ushindi huo kikaundwa chama cha kiraia kilichojulikana kwa kifupisho AUNS, cha kulinda Uswisi huru isiyofungamana na upande wowote, Blocher akiwa kiongozi wake. Kwa jicho la mfanyabiashara, hii ilikuwa rasilimali kubwa kuliko chama: orodha ya wanachama wanaolipa ada, wanaopokea barua nyumbani, na walio tayari kukusanya saini.

Saini ndiyo fedha ya siasa za Uswisi. Ukikusanya 50,000 ndani ya siku 100, unaweza kuipeleka sheria yoyote iliyopitishwa na bunge mbele ya wananchi. Ukikusanya 100,000 ndani ya miezi 18, unaweza kupendekeza kifungu kipya cha katiba. Mwenye pesa za kuchapisha, kutuma barua na kulipia matangazo ana silaha ambayo haimhitaji kuwa waziri wala kuwa na wabunge wengi. Katika nchi nyingi tajiri anayetaka siasa hutafuta ikulu. Uswisi tajiri anaweza kuiacha ikulu kabisa akaidhibiti serikali kwa kuitishia kura. Blocher aliliona hilo mapema kuliko wenzake.

Kura iliyomjenga hasa ilipigwa Jumapili ya 6 Desemba 1992. Swali lilikuwa kama Uswisi iingie Eneo la Uchumi la Ulaya, mpango wa kuziunganisha nchi zisizo wanachama wa Jumuiya ya Ulaya (Umoja wa Ulaya wa leo) na soko lake. Waliounga mkono ni serikali, wabunge wengi, vyama vikubwa vingine, vyama vya wafanyakazi na jumuiya ya wenye viwanda. Upande wa pili alisimama Blocher, na pamoja naye Wakijani kadhaa na vikundi vidogo. Alizunguka nchi nzima miezi mingi, jukwaa baada ya jukwaa, kwenye kumbi za vijiji na hema za bia, akiongea Kijerumani cha Uswisi cha watu wa kawaida, akirudia jambo moja: ukisaini mkataba huu, sheria zako zitaandikwa Brussels na majaji wako watakuwa wageni.

Wapinzani wake walimsaidia pasipo kutaka. Mwezi Mei mwaka huohuo serikali ilipeleka ombi la kujiunga na Jumuiya yenyewe, na waziri Adolf Ogi akaufananisha mkataba na kambi ya mazoezi kabla ya mechi. Ogi alikuwa wa SVP, chama cha Blocher mwenyewe, tawi la Bern! Blocher akapata alichokitafuta: waziri wa chama chake alikuwa ameshawaambia wananchi kwamba swali la soko ni mlango tu, na nyuma ya mlango kuna uanachama kamili.

Asilimia 78.7 ya wapiga kura walijitokeza, idadi ambayo Uswisi haijaiona tena. Waliokataa walikuwa asilimia 50.3. Tofauti ilikuwa kura kama 23,000 tu nchi nzima. Waziri wa uchumi, Jean-Pascal Delamuraz, akaiita Jumapili nyeusi. Wanaosema Blocher alishinda kwa bahati husahau kwamba mabadiliko kama yale yalihitaji pia kantoni nyingi ziseme ndiyo, na kantoni nyingi zilisema hapana. Magharibi, wanakoongea Kifaransa, walikubali kwa wingi mkubwa. Kantoni za Kijerumani, isipokuwa mbili za Basel, zilikataa. Blocher hakuhitaji kuishinda nchi nzima. Alihitaji kantoni za kutosha, nyingi zikiwa ndogo za milimani, na alijua hesabu hiyo.

Sasa lile la viwanda. Mtu ambaye kampuni yake inaishi kwa kuuza nje alipinga mkataba ambao wenye viwanda wenzake waliulilia. Wapo waliosema huo ni unafiki. Siamini hivyo. Uswisi ilikuwa na mkataba wa biashara huria na Jumuiya ya Ulaya tangu 1972, na bidhaa za viwandani kama zake zilipita mipakani bila ushuru. Alichokuwa anakikataa ni kuamuliwa. Aliyeinunua kampuni ili asiwe na bosi ndiye huyohuyo aliyeiambia nchi isiwe na bosi. Katika jambo hili namwona alikuwa mkweli, na ukweli huo ulimpa nguvu jukwaani ambayo pesa peke yake isingenunua.

Baada ya 1992 chama kilibadilika kutoka Zürich kwenda nje. Tawi lake ndilo lililokuwa na pesa, lenye matangazo makali na mkutano wake wa kila Januari katika ukumbi wa Albisgüetli, ambako hotuba ya Blocher ikawa tukio la kitaifa. Wahafidhina wapole wa Bern na Graubünden walisukumwa pembeni. Asilimia 11.9 za mwaka 1991 zikawa 14.9 mwaka 1995, 22.5 mwaka 1999, na 26.7 mwaka 2003. Wageni na wakimbizi wakawa mada kuu kuliko hata Ulaya.

Kwa chama chenye zaidi ya robo ya kura, kiti kimoja kati ya saba kilikuwa dhuluma, na hilo ni la haki kulisema. Mgao wa viti ulikuwa haujabadilika tangu 1959: vyama vitatu viwiliviwili, SVP kimoja. Waswisi wenyewe huuita kanuni ya uganga. Jioni ya uchaguzi wa Oktoba 2003 SVP ikatoa sharti: Blocher aingie serikalini, la sivyo chama kizima kinakwenda upinzani. Ndivyo mnunuzi wa kampuni anavyoongea mezani, chukua au acha. Tarehe 10 Desemba 2003 bunge likachukua. Katika duru ya tatu alipata kura 121 dhidi ya 116 za Ruth Metzler wa chama cha Wakristo Wademokrasia. Waziri aliye madarakani hakuwa amewahi kuondolewa na bunge tangu mwaka 1872. Blocher na wenzake walikuwa wamefungua mlango uliokaa umefungwa miaka 131, na hawakuufunga nyuma yao.

Aliingia wizarani Januari 2004. Hisa zake za EMS alizihamishia kwa watoto, na binti yake Magdalena Martullo-Blocher akachukua uongozi wa kampuni. Kazini alibana matumizi ya wizara kama meneja mpya, na mwaka 2006 sheria zake kali za ukimbizi na za wageni zilipita kwa takriban asilimia 68. Kwa kipimo cha kazi, alikuwa waziri mwenye nguvu.

Lakini serikali ya watu saba ina sharti moja: mkishapiga kura chumbani, wote mnautetea uamuzi hadharani, hata aliyeshindwa. Mwaka 2005 serikali iliwaomba wananchi wakubali mkataba wa Schengen wa mipaka na Ulaya, jambo linaloigusa wizara ya polisi moja kwa moja. Wananchi wakakubali kwa asilimia 54.6. Miezi michache baadaye wakakubali kupanua uhuru wa kufanya kazi kwa raia wa nchi mpya za Umoja wa Ulaya. Kiongozi wa upinzani dhidi ya Ulaya alikuwa amefungwa mdomo na kiti chake. Chama kilipinga, yeye alinung'unika, kila mtu alimjua anawaza nini. Oktoba 2006, akiwa ziarani Ankara, alisema wazi mbele ya wenyeji kwamba sheria ya nchi yake ya kupinga ubaguzi inamletea maumivu ya tumbo. Waziri wa sheria, nje ya nchi, kuhusu sheria anayopaswa kuilinda! Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa Shirikisho, Valentin Roschacher, alijiuzulu baada ya mvutano naye, na mwaka 2007 kamati ya bunge ikamlaumu Blocher kwa namna alivyoiendesha kadhia hiyo.

Kampeni ya 2007 ikamaliza uvumilivu uliobaki. Bango la chama lilionyesha kondoo watatu weupe juu ya bendera ya Uswisi, mmoja akimpiga teke kondoo mweusi atoke nje. Chama kilidai ni msemo tu kuhusu wahalifu. Msenegali Doudou Diène, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, aliitaka serikali ya Uswisi itoe maelezo. Sidhani Mwafrika yeyote aliyepita stesheni ya Zürich wiki zile alihitaji kufafanuliwa msemo huo.

Hesabu ya Desemba, basi. Wasoshalisti na Wakijani hawakumtaka tangu awali. Waliohitajika ni Wakristo Wademokrasia, ambao walikuwa bado na kidonda cha Metzler. Hawakuweza kumnyima SVP kiti, maana kingekuwa kitendo cha kuwadharau wapiga kura, kwa hiyo wakatafuta mtu wa SVP asiye Blocher. Andrea Hämmerle, mbunge wa Wasoshalisti kutoka Graubünden, alimjua Widmer-Schlumpf, waziri wa fedha wa kantoni hiyo, binti wa waziri wa zamani Leon Schlumpf. Akazungumza naye. Mpango ulifichwa vizuri mpaka asubuhi ya kura. Alipochaguliwa ikabidi apande treni kwenda Bern, akaomba usiku mmoja wa kufikiri, na 13 Desemba akakubali.

Aliangushwa na Graubünden, kantoni yenye kiwanda chake. Ndiko lilikobaki tawi la wahafidhina wapole ambao mtindo wa Zürich uliwapita bila kuwameza. Aliyeugeuza chama mali ya upande mmoja aliwaacha ndani yake watu wasio na deni lolote kwake, na hao ndio wapinzani walioweza kuwatumia. Mwenye hisa nyingi kwenye kampuni angewanunua au kuwafukuza. SVP ilijaribu njia hiyo ya pili. Ilimtaka Widmer-Schlumpf ajiuzulu, tawi lake likakataa kumfukuza, na mwaka 2008 chama cha taifa kikalifukuza tawi zima. Waliofukuzwa wakaunda chama chao. SVP ikajitangaza kuwa ya upinzani, na haikudumu hata mwaka mmoja: Desemba 2008 kiti kingine kilipofunguka, Blocher aliteuliwa na chama chake tena, lakini bunge likamchukua Ueli Maurer, mteule mwingine wa SVP, kwa tofauti ya kura moja dhidi ya mkulima wa SVP ambaye hakuwa hata ameteuliwa.

Nje ya serikali Blocher alirudi kwenye silaha yake. Alirudi bungeni 2011, akaondoka mwenyewe 2014 akisema anapoteza muda mle. Mwezi Februari mwaka huohuo pendekezo la chama chake la kuweka kikomo kwa wahamiaji lilipita kwa asilimia 50.3. Ni tarakimu ileile ya 1992, safari hii upande wa ndiyo. Bunge likaitunga sheria yake kwa ulegevu, na mwaka 2020 wananchi walipoulizwa kama wavunje kabisa uhuru wa wafanyakazi wa Ulaya kuingia, asilimia 61.7 walikataa. Mwaka huo pia alidai malipo ya uzeeni ya uwaziri ambayo awali hakuyachukua, akidai kwa miaka yote iliyopita, na wengi waliomsifu kwa kubana pesa za umma hawakuelewa.

Kwa kiti chenyewe, mambo yaliishia hivi. Oktoba 2015 SVP ilipata asilimia 29.4, na Widmer-Schlumpf akatangaza kuwa hagombei tena. Tarehe 9 Desemba 2015, katika ukumbi uleule, nafasi yake ilikwenda kwa Guy Parmelin wa SVP, mkulima wa zabibu kutoka Vaud, kantoni ya Kifaransa iliyosema ndiyo kwa wingi mwaka 1992. Mmoja wa wabunge wapya waliopiga kura siku hiyo, akiiwakilisha Graubünden, alikuwa Magdalena Martullo-Blocher.